Aliyeitikiwa Darasani

Usijifanye hukuona. Uliona. Lori lilikuwa limelala ubavu chini ya mteremko, na saruji imemwagika barabara nzima. Ulipunguza mwendo. Ulichungulia dirishani. Ukasema, "Masikini, breki zilikatika," halafu ukarudia mazungumzo yako. Mwaka uliotangulia, pale pale, lilianguka lori la mbao. Ulisema hivyo hivyo. Kabla yake lilianguka la maziwa. Ulisema hivyo hivyo. Kila mara breki zilikatika, na kila mara siku ya mtu ilikuwa imefika. Hukuuliza swali hata moja.

Basi kaa kitako usikilize. Yule wa lori la saruji alikuwa na nyumba, na ndani ya nyumba hiyo kulikuwa na mtu aliyemsubiri.

Aliyemsubiri alikuwa mkewe, fundi wa maturubai. Kibanda chake kilitazamana na lango la yadi ya malori. Alikuwa na cherehani nzito ya chuma na sindano nene kama msumari. Turubai likichanika njiani, dereva alilitupa mlangoni kwake, naye alilitia kiraka. Vidole vyake vilikuwa vigumu kwa kuvuta uzi uliopakwa nta. Madereva walimwita Mama Turubai.

Mumewe walimwita Taratibu. Hakuwa na haraka na kitu chochote. Hakunywa pombe. Hakushindana na mtu barabarani. Hata mezani yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kunawa.

"Mama Turubai," madereva walimtania mkewe, "mumeo akitumwa kumleta daktari, mgonjwa atapona mwenyewe kwa kusubiri."

"Afadhali huyo apone," alijibu bila kuinua macho. "Nyinyi mngewahi, lakini mngekuwa mmeshamgonga daktari."

Walicheka hadi wakashika magoti.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Taratibu alijivunia. Alijua kubana mafuta. Safari yao ilipita kwenye mteremko mrefu wenye kona nyingi. Kila mtu aliuita Mteremko tu. Akifika juu, Taratibu alitoa gia, akaliacha lori liteleze lenyewe mpaka chini, huku akilizuia kwa breki ya mguu. Madereva waliita hivyo kuachia. Wote waliachia. Wengi walijifunza kwake, pamoja na mdogo wake wa kiume, aliyeitwa kwa utani Spana. Taratibu akirudi na dizeli tangini, tajiri mwenye malori alimpiga bega na kusema, "Huyu ndiye dereva."

Sasa, sheria ilitoka. Kila dereva wa lori kubwa arudi darasani kila baada ya miaka kadhaa. Asiyehudhuria, leseni yake isiongezwe muda.

Yadi nzima iliwaka moto.

"Mimi nilishika usukani huyo mwalimu hajaota meno," alisema mmoja. "Atanifundisha nini? Kupiga honi?"

"Wanataka tukakae kwenye madawati kama watoto," alisema mwingine. "Magoti yenyewe hayaingii."

Siku ya darasa ilipofika, tajiri alikuwa na mzigo wa saruji uliotakiwa haraka. Alimwita Taratibu pembeni.

"Wewe ndiye ninayekuamini," alisema. "Darasa lenyewe ni kuitwa majina tu. Mtu ataitika kwa niaba yako."

Taratibu alikwenda na mzigo. Spana alikwenda darasani. Jina la kaka yake lilipoitwa, alijibu kwa sauti nzito, "Nipo!" Lilipoitwa la kwake, alijibu kwa sauti yake, "Nipo!" Aliyekuwa anaita hakuinua hata kichwa. Majina yalipokwisha, wengi wakatawanyika; waliobaki wakasomewa somo, na Spana akasinzia.

Pale yadini, jambo hilo lilihesabiwa kuwa undugu. Ukimpenda mwenzako, unamwitikia.

Jioni Spana alifika nyumbani kwa kaka yake, akasimulia huku akiigiza sauti zote mbili.

"Shemeji, leo nilikuwa watu wawili," alimwambia Mama Turubai. "Nipakulie sahani mbili."

Mama Turubai alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akampakulia.

Baadaye tajiri akanunua lori jipya, kubwa kuliko yote. Alimpa Taratibu, kwa heshima. Karibu na usukani kulikuwa na mkono mdogo mweusi ambao lori la zamani halikuwa nao. Taratibu hakujua kazi yake. Hakupenda kuuliza, maana yeye ndiye aliyeulizwa na wengine. Alipakia saruji. Alipitia kibandani kumuaga mkewe.

"Turubai limefungwa vizuri?" mkewe aliuliza.

"Umeshona wewe, nani atalifungua?"

Hayo ndiyo maneno yao ya mwisho. Hakuna mengine.

Lori lilimshinda katikati ya Mteremko. Waliokuwa kando ya barabara walisema breki zilikuwa zinafuka moshi. Chini kulikuwa na soko, na soko limejaa. Taratibu aliona. Akakata usukani upande wa mlima, lori likagonga mwamba, likalala.

Msibani watu walimsifu sana. Aliokoa soko zima, walisema. Ni kweli, aliliokoa. Lakini sifa haikuja kulala upande wa Taratibu kitandani. Mama Turubai alilala upande wake, akaacha ule mwingine kama ulivyokuwa. Asubuhi alifua shati la kazi lililobaki msumarini. Lilipokauka alilirudisha msumarini. Wiki iliyofuata alilifua tena.

Tajiri alifunga yadi siku ya mazishi. Kesho yake alifungua.

Baada ya ajali hiyo wakubwa wa usalama barabarani walikuja juu. Waliamuru madereva wote wa yadi ile warudi darasani. Usiku wa kuamkia siku hiyo Spana alipita kibandani. Alikuwa ameshika ufunguo wa lori.

"Unakwenda wapi na ufunguo huo?" Mama Turubai aliuliza.

"Kesho napeleka saruji, shemeji. Tajiri amenipa."

"Na darasa?"

"Kuna mtu ataniitikia."

Cherehani ilinyamaza.

"Unapita wapi?" aliuliza, ingawa alijua.

"Shemeji, njia ni ile ile. Nyingine haipo."

"Nani atakuitikia?"

"Tumeshapanga. Shemeji, darasa halina kitu. Mimi nilikuwepo."

"Basi kesho nakwenda mimi," alisema Mama Turubai. "Wakiita jina la marehemu, niseme hayupo. Wakiita lako, niseme yuko njiani anamfuata kaka yake."

Spana aliangalia chini. Akaondoka na ufunguo wake.

Asubuhi Mama Turubai alivaa nguo zake za msiba, akaenda ukumbini. Alikaa kiti cha nyuma. Madereva walipomwona, walivua kofia. Hakuna aliyetania. Mlango ulipokaribia kufungwa, Spana aliingia, akakaa kando yake. Mikononi hakuwa na ufunguo; ulikuwa mfukoni.

Safari hii mkufunzi alikuwa mwingine. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kukwaruza, aliyewahi kuendesha lori la mafuta miaka mingi.

"Nikikuita, simama nikuone uso," alisema. "Sauti peke yake siitaki. Hata redio ina sauti."

Watu wakacheka kidogo. Waliosimama walionekana, na ambao hawakuwepo walijulikana.

Kisha akasema, "Sugueni viganja. Kwa nguvu. Msiache."

Wanaume wazima walisugua viganja. Mama Turubai naye alisugua.

"Mnasikia nini?"

"Moto!"

"Hapo ni ngozi kwa ngozi, bila mzigo. Breki ni hivyo hivyo. Inashika kwa kusugua. Ukiikanyaga mteremko mzima, inapata moto mpaka haishiki tena. Unakanyaga, na lori linakwenda. Breki haijakatika. Umeichosha."

Dereva mmoja wa makamo aliinua mkono. "Mwalimu, sisi tunatoa gia juu. Tunabana mafuta."

"Wangapi mnatoa gia?"

Mikono iliinuka karibu yote.

Mkufunzi aliihesabu kwa macho. "Sikilizeni, ndugu zangu. Ukiwa kwenye gia, injini inalishika lori, kama mtu anayekuvuta shati kwa nyuma. Ukitoa gia, umemwambia aachie. Uzito wote unaangukia breki. Kwa hiyo, kabla hujaanza kushuka, ukiwa bado juu, ingia gia ndogo. Usingoje katikati, maana ukishakolea mwendo gia haitakubali kuingia. Shuka polepole. Breki ya mguu ikanyage kwa uthabiti, mwendo upungue, kisha iachie ipoe. Usiegemeze mguu hapo kama uko kwenye kochi. Na kama lori lako lina mkono mdogo hapa karibu na usukani, hiyo ni breki ya injini. Itumie. Imewekwa kwa ajili ya mteremko."

Spana alifumba macho.

"Na mafuta, mwalimu?" yule wa makamo alishikilia.

"Malori haya mapya, ukiwa kwenye gia na umeachia pedali ya mafuta, injini hainywi dizeli hata tone. Ukitoa gia, inakunywa kidogo ili isizimike. Kwa hiyo hubani kitu. Unapoteza mafuta, na unapoteza breki."

Mama Turubai alisimama.

"Mwalimu, samahani. Mimi si dereva. Mume wangu ndiye aliyekufa na saruji. Haya uliyosema sasa hivi yangetosha kumrudisha nyumbani?"

Mkufunzi alimtazama. "Nisikudanganye, mama. Yangemweka kwenye nafasi nzuri sana."

"Na kuyafundisha kunachukua muda gani?"

Mkufunzi alishindwa kumwangalia usoni. "Haya huwa tunayamaliza kabla ya chai," alisema.

Kabla ya chai! Mtu alipotea kwa jambo linalokwisha kabla vikombe havijaletwa.

Watu walipotoka kunywa chai hiyo, Spana alibaki ameegemea ukuta wa nje. Mama Turubai alimfuata.

"Shemeji," Spana alisema, "mimi ndiye niliyeitika."

"Najua. Na mimi ndiye niliyecheka."

"Angeketi pale. Angeniambia baadaye kwamba nilikuwa mjinga kusinzia. Angetufundisha wote upya, unamjua."

"Namjua."

Walilia wote wawili, bila kufunika nyuso. Kisha Mama Turubai akajifuta kwa ncha ya khanga.

"Rudi ndani," alisema. "Wanaanza tena."

Jioni ile madereva hawakwenda makwao. Walikwenda kwa tajiri, na Mama Turubai yuko katikati yao.

"Siku ya darasa iwe siku ya kazi," alisema Spana. "Utulipe kama tuko njiani. Na usimpakilie mzigo mtu anayetakiwa darasani."

"Mnataka nifunge yadi?" tajiri alifoka. "Wateja wangu watakula madawati?"

"Yadi ulishaifunga, baba," alisema Mama Turubai. "Siku ya mazishi. Hukuona hasara siku hiyo?"

Spana alitangulia kuweka ufunguo wa lori mezani. Yule dereva wa makamo akafuata. Funguo zikawekwa moja moja, mpaka meza ikajaa. Tajiri alizihesabu. Mwishowe alisema, "Haya." Usifikiri alilia. Alipiga hesabu ya malori yaliyosimama, akaona hana la kufanya.

Siku Spana alipopakia saruji tena, alisimama juu ya Mteremko. Aliingia gia ndogo. Akavuta mkono mdogo wa breki ya injini. Lori lilinguruma, likashuka kwa mwendo wa mtu anayetembea na mgonjwa. Nyuma yake magari yalipiga honi. Kijana mmoja wa gari dogo alimpita akimtukania mama yake. Spana hakugeuza shingo. Chini alishuka, akasogeza kiganja karibu na gurudumu. Lilikuwa na joto la kawaida. Hakuna moshi. Hakuna harufu ya kuungua. Sokoni watu walikuwa wananunua vitunguu, wala hawakumtazama.

Alipiga simu.

"Shemeji, nimeshafika chini."

Upande wa pili alisikia mtu anavuta pumzi.

"Asante," alisema Mama Turubai. "Asante kwa kunipigia." Akakata, akaegemeza paji la uso kwenye chuma baridi cha cherehani. Simu hiyo ilikuwa imechelewa, na mtu aliyetakiwa kuipiga hakuwa huyo.

Tangu hapo yadi ile haijazika mtu kwa sababu ya Mteremko. Darasani kila dereva anasimama kwa miguu yake, na anayemwitikia mwenzake anatolewa nje na madereva wenyewe. Lakini yadi ni nyingi. Kwenye yadi nyingine, leo hii, bado mtu anajibu "Nipo!" kwa sauti mbili na wenzake wanacheka.

Sasa wewe. Kama mumeo, kaka yako au baba yako anaendesha lori, mwulize kabla hajapanda: siku ya darasa ulikuwa wapi? Usikubali akujibu kwa mzaha. Kama wewe ni tajiri, shusha huo mzigo, mwache mtu akafundishwe, na umlipe siku yake. Kama wewe ndiye unayeita majina, inua kichwa utazame nyuso, na ufundishe kweli. Na kama wewe ni dereva, usimwitikie mtu unayempenda. Mwambie aje mwenyewe.

Usiseme kesho. Inuka uende yadini sasa hivi, kuna lori linapakiwa.