Ukuta wa Upande wa Tanuri

Mtunza stoo wa kiwanda cha mikate, maarufu kama Mama Funguo, alikutwa saa kumi na mbili asubuhi ndani ya chumba cha kugandishia siagi. Komeo la nje lilikuwa limefungwa, na kitasa cha ndani kilishakufa siku nyingi. Alikuwa amejikunja chini, mgongo ameubana kwenye ukuta unaopakana na tanuri lisilozimwa usiku kucha. Hakujitambua, ila alipumua. Daktari alishangaa: kwa baridi ile, alipaswa kuwa maiti.

Saa tatu polisi walishapata mtu wao: mumewe, dereva wa gari la mikate, aliyegombana naye jioni iliyotangulia mbele ya kila mtu. Pingu zilikuwa tayari. Aliyezizuia ni mpelelezi wa kike ambaye wenzake humwita Sindano, maana hazungumzi na mtu bila kumchoma.

"Mligombania nini?"

"Mama mkwe, afande. Alitaka kuhamia kwetu, nikakataa. Sasa aje hata na ukoo mzima! Lakini mke wangu sijamgusa."

Wengine waliokuwapo jioni ile ni msimamizi wa kiwanda na fundi aliyejenga chumba. Wote watatu hawakuambiwa mgonjwa alikutwa sehemu gani ya chumba.

"Alikuwa akilalamika siagi inalainika," alisema msimamizi. "Nikamwambia amwite fundi."

"Nikaja, nikakagua mashine, nikaondoka," alidakia fundi. "Kuta zangu hazina shida. Magodoro ya kuzuia joto niliyoshindilia ndani ya kuta hizo yana namba kubwa kuliko yote sokoni. Lebo ile pale."

"Namba hiyo ina maana gani?"

"Ikiwa kubwa, joto linapita kwa shida."

"Kuta zote nne?"

"Zote sawasawa. Joto la tanuri haliingii hata chembe."

Sindano aliwaingiza chumbani, naye akaingia. Nje, askari akasukuma komeo.

"Afande, vipi tena?" msimamizi aliuliza, sauti imempanda.

"Tunasubiri."

Hapakuwa na dirisha. Pumzi zao zilitoka nyeupe, na vidole vikaanza kuuma. Msimamizi aliupiga mlango kwa ngumi, akaita, akaapa ataandika barua kwa wakubwa. Hakuna aliyeitika, waokaji upande wa pili hawasikii kitu kwa ngurumo ya mashine. Mume alisimama katikati akilia waziwazi, kwa kuwa sasa alijua mkewe alipitia nini. Fundi alirudi nyuma kidogokidogo mpaka mgongo ukagusa ukuta wa tanuri. Akatulia.

"Mbona umechagua huo?"

"Nimechoka kusimama."

Sindano aliweka kiganja ukutani. Ulikuwa vuguvugu.

"Nimeupima kabla hamjafika. Unene wake ni nusu ya godoro linalotajwa kwenye lebo. Ulilikandamiza ili liingie."

"Godoro ni lilelile, afande! Namba haibadiliki."

"Inabadilika. Kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa kati ya nyuzi. Ukilikandamiza godoro, hewa inatoka, na ile namba inabaki mapambo. Wewe umejua lini kwamba ukuta huu una joto?"

Fundi aliutazama mlango. "Fungua, nitasema."

"Sema, nitafungua."

Kisha fundi akazungumza akiangalia viatu vyake.

"Alinishika mkono, akaubandika hapa. Akasema leo lazima bosi aubomoe aone. Afande, stoo ya dawa ya hospitali nimeijenga hivihivi! Ningekwisha. Aligeuka kuhesabu siagi, nikatoka, nikafunga komeo. Nilifika nyumbani nikashindwa hata kula."

Mume alimrukia. Sindano akamshika shati, akagonga mlango mara mbili, komeo likaanza kusogea.

"Lakini amenusurikaje humu?" fundi aliuliza, na ilionekana kweli hajui.

"Aliegemea hapo ulipo. Ungeujenga ukuta huu kama ulivyoapa, leo tungekuwa tunachimba kaburi."

Fundi alijibandua ukutani, akaanza kutetemeka kama wengine.