Sukari ya Jemadari

Wembe hakosei mtu.

Ndivyo alivyomwambia kila aliyekuwa na masikio, hata kinyozi wake. Asubuhi ile redio ilipokoroma, alijibu huku akijitazama kwenye kioo cha pikipiki.

"Wembe," Mkuu wake alisema, "kuna mtu kwenye kituo cha kuzalisha ng'ombe anaiba shahawa za Jemadari, fahali bingwa. Za Jemadari anawauzia wageni, vichupani anatia za fahali mgumba. Iba kichupa kimoja, upime. Za Jemadari zina sukari; ikikosekana, ni bandia. Na ukibebe kwenye barafu."

"Nimekupata, Mkuu."

Kichupa akakiiba kweupe. Mchana, kipimo kwenye saa yake kilisoma sifuri.

Alirudi kituoni kwa teke la mlango.

Daktari wa mifugo aliinua macho kutoka kwenye darubini. "Hata hodi, kaka?"

Wembe alitupa kichupa mezani. "Sukari ya Jemadari iko wapi, mwizi wewe?"

"Imeliwa. Mbegu hai ni kama watoto wa bweni. Zikipata joto zinakula tu, mpaka zinajiua kwa asidi yao wenyewe. Ulikibeba kwenye barafu?"

"Barafu tupu."

"Basi sielewi."

"Utaelewa."

Akafunua mtungi wa naitrojeni, ile baridi inayogandisha mbegu miaka na miaka. Moshi mweupe ukatambaa sakafuni. Akaukamata mkono wa kulia wa daktari, mkono uliozalisha nusu ya ng'ombe wa wilaya.

"Kaka, nakuomba! Watoto wangu wanakula kwa mkono huu!"

Akauzamisha.

Hata Jemadari zizini alirudi nyuma.

"Nimeuza! Nimeuza mimi!"

Vidole vilitoka vyeupe kama mishumaa. Wembe akavigonga kwa mtutu wa bastola, kwa udadisi tu. Vikalia ko, ko.

Akavaa miwani, akatoka bila kugeuka, akabonyeza kitufe cha redio. "Mkuu, mwizi kakiri. Kazi kwisha."

Getini, mlinzi alimpungia chupa tupu.

"Bosi, ahsante kwa soda ya asubuhi! Baridi mpaka meno yakauma! Hivi kile kichupa ulichokitoa kwenye kiboksi cha barafu ili soda zako zienee, ukakitia mfuko wa shati, hakikumwagika?"

"Nyamaza, mzee."

"Ninyamaze tena? Haya. Wale wageni wamepita sasa hivi na mitungi yao. Mhasibu wa kituo ndiye kawasindikiza, wanacheka hao!"

Kidole cha Wembe kilikuwa hakijatoka kwenye kitufe. Alipokiachia, redio ilikoroma.

"Wembe," Mkuu alisema polepole, "mwambie mzee arudie hapo kwenye soda."