Blanketi la Ngamia

Blanketi lilikuwa limeongezeka. Ummulkheir aliliacha kitini akaenda kutawadha. Aliporudi lilikuwa limefumwa upana wa kiganja zaidi, na sindano zilikuwa na joto.

Mumewe, Mohdhar, alikuwa akipandisha wageni ngamia ufukweni Bamburi. Manyoya yaliyopukutika aliyaleta nyumbani Utange, mkewe akayachambua, akayasokota uzi, akafuma. Mohdhar alipofariki, vitu vyake vilitolewa sadaka kama ilivyo ada. Ummulkheir alificha gunia moja la manyoya, kwani lilikuwa na harufu yake, na kwa manyoya hayo akaanza kufuma blanketi. Hakuwa na mtoto wala ndugu, na upweke ulimuuma.

Jioni ya siku ile blanketi lilipoongezeka, magharibi ikiingia, akaitwa kutoka upande wa gunia.

"Ummulkheir!"

"Abee!" akaitika.

Kila mtu wa pwani hukanywa tangu utotoni asiitike magharibi sauti ya mtu asiyemwona. Lakini mke aliyezoea kuitika haulizi kwanza.

Tangu hapo nyumba ikanuka ngamia aliyeloa, na kila alipojilaza alisikia pumzi nzito upande wa Mohdhar, akageuka akaliona blanketi likipanda na kushuka polepole, na chini yake pana umbo refu mno kuwa la mtu, naye akaogopa, lakini hakuondoka, maana kitanda kilikuwa na joto.

Jirani yake Kafedha ndiye aliyemleta Maalim Aqil. Maalim alisoma dua mpaka sauti ikamkauka, kisha gunia na blanketi vikachomwa uani.

"Jini ametoka," Maalim alinong'ona. "Ataita tena mlangoni, mara moja tu. Usiitike."

"Na akiita kwa sauti ya Mohdhar, Maalim?"

"Ndiyo atakayoitia, mama. Nyamaza tu."

Kesho yake Ummulkheir alipika chai, akajikuta ameandaa vikombe viwili. Akalia. Magharibi ikaingia.

"Ummulkheir."

Akaing'ata leso. Kisha akasikia nyayo laini zikiondoka mchangani, polepole, kama za mtu aliyechoka kungoja. Zilipokaribia kupotea, alifungua mlango.

"Abee, mume wangu."

Asubuhi Kafedha aliukuta mlango wazi. Ummulkheir alikuwa kitini akifuma, uso umekunjuka, wala hakugeuka alipopigiwa hodi. Miguuni pake palikuwa na lile gunia walilolichoma, limejaa.