Jani Mdomoni

Majani ya mkwamba yalikataa kunyauka.

Bi Mwanamize aliyaanika Jumatatu, kwenye ungo, juu ya banda la kuku, mahali ambapo jua la Kiuyu hukausha hata hamu ya kula. Ijumaa yalikuwa bado mabichi, ukivunja kikonyo kinatoa maji. Aliyageuza. Akayanusa. Hayakunuka mkwamba. Yalinuka nguo ya kaki iliyotoka kupigwa pasi ya makaa, na nyuma ya harufu hiyo, kwa mbali, tope la mikokoni maji yanapokupwa.

Kaki ile aliijua ni ya nani. Ndiyo maana hakumwambia mtu.

Nyumbani mwao kazi ilikuwa na mipaka. Mganga ni mumewe, Mzee Ngwali, ambaye macho yake yalizimika zamani. Yeye humpapasa mgonjwa, humsikiliza pumzi, kisha huitaja dawa. Kwenda maweni kuichuma ni kazi ya Bi Mwanamize. Mti huombwa kwanza, kwa jina lake na jina la mgonjwa. Mchumaji hakai mahali ambapo kivuli chake kitauangukia. Akishachuma, huchukua jani moja la mti uleule akalibana midomoni, na hapo ndipo safari ya kurudi inapoanza, kwa kuwa aliyebeba dawa mbichi haamkii wala haitikii mpaka aitue kizingitini. Maweni hupita watu, na hupita wasio watu, na wote wanajua kuamkia.

Kijiji kizima kililijua jani lile. Hata Bi Kijakazi, jirani yao, ambaye mdomo wake haukupata siku ya mapumziko tangu aolewe, akiliona hupisha njia na kunyamaza, ingawa ilimuuma.

Asiyelijua alikuwa mudir, mkubwa wa serikali.

Mwaka ule siasa ilikuwa imeingia Pemba kama upele. Tangu uchaguzi wa kwanza, wa chama hiki hamwitikii wa chama kile, hanunui dukani kwake, hamziki. Serikali ilikaa, ikatafakari, ikagundua kwamba tatizo ni salamu. Likatoka agizo watu waamkiane. Mudir wa upande ule, Bwana Othman, mtu wa mjini Unguja, mwenye kaki iliyonyooka na kikohozi kidogo kabla ya kila sentensi, alilitekeleza kwa bidii ya mtu anayengojea kupandishwa cheo. Aliamkia wavuvi, aliamkia wakulima, inasemekana aliamkia na punda wa Mzee Silima. Siku moja akamwamkia Bi Mwanamize, akamwona mwanamke mtu mzima, jani mdomoni, anampita kama mwembe.

Kesho yake Bi Mwanamize alisimamishwa mbele ya meza.

"Ehem. Unadharau serikali, Bibi?"

"Hasha, Bwana Mudir. Nilikuwa na jani."

"Nimeliona. Serikali haitambui majani."

"Lakini bwana, mtu akichukua dawa..."

"Ehem. Ukiamkiwa, utaitika. La sivyo nitajua umeingia siasa, na mumeo uganga wake nitaufunga. Umefahamu?"

Alifahamu. Wagonjwa ndio waliowalisha. Aliahidi.

Sasa, binti yao Siti alikuwa na mimba ya nne. Tatu za mwanzo hazikufika hata kupewa jina. Hii ilifika mwezi wa nane, na Pandu, mumewe, alikuwa Mtambile akichuma karafuu, akituma salamu kwa kila gari linalokuja kaskazini. Jumatatu ile Siti aliamka na maumivu ya kiuno, Mzee Ngwali akamshika tumbo, akasema, "Mkwamba. Mizizi ya kunywa leo, majani ya kuogea yakishakauka. Nenda upesi, mke wangu, jua lisikukute."

Jua lilimkuta. Mkwamba wa karibu ulikuwa umekatwa kuni, ikambidi aende mbali kwenye mawe makali, na alipokuwa anarudi, mzigo kichwani na jani midomoni, jua lilikuwa utosini kabisa, saa ile vitu havina vivuli na mtu hawezi kujua kipi kina kivuli na kipi hakina.

"Ehem," mtu alikohoa nyuma yake. "Hujambo, Bi Mwanamize?"

Aligeuka. Aliona kaki iliyonyooka. Aliona viatu vya ngozi vinang'aa, na vumbi jeupe la maweni, ambalo halimwachi sultani wala maskini, halikuvigusa. Uso hakuutazama, nani humtazama mudir usoni? Alichokikumbuka ni meza ile, na uganga kufungwa. Akalitoa jani.

"Sijambo, Bwana Mudir," akasema. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa Pemba, aliyelelewa na watu, ulimi ukamalizia wenyewe kama unavyomalizia siku zote. "Karibu nyumbani."

"Nitakuja," ikajibu sauti.

Hayo ndiyo aliyoyaficha mpaka Ijumaa, pale Bi Kijakazi alipoegemea ua na kusema, bila kuulizwa, "Yakhe, raha gani wiki hii! Mudir kaitwa Chake tangu Jumapili, mkutanoni. Harudi mpaka kesho. Nimepita njia nzima sikuamkiwa na serikali."

Bi Mwanamize aliutazama ungo. Majani yalitikisika, na upepo haukuwako.

Mchana huo, jua lilipofika utosini, viatu vilitembea uwanjani. Viliuzunguka ukuta, taratibu, kama mtu anayekagua. Vikasimama mlangoni.

"Ehem. Hodi."

Siti alikuwa amelala chumba cha ndani. Alijiinua kwa kiwiko. "Mama, kuna mg..."

Mama yake alimziba mdomo kwa kiganja. Akambana hivyo mpaka viatu vilipoondoka kuelekea kwenye banda la kuku na kukoma hapo. Kuku hawakulia. Walipokwenda kuwatazama jioni waliwakuta wamepanga mstari ukutani, wako hai, hawasogei, kama watu wanaongojea kuitwa ofisini.

Hapo ndipo Bi Mwanamize alipomwambia mumewe. Mzee Ngwali alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulimwita nyumbani kwa kinywa chako," akasema kwa sauti ya chini. "Umemfikisha uwanjani. Wa kumtia ndani ni mwengine."

"Tumfukize, Ngwali. Kivumbasi kipo, mvuje upo."

"Tutamfukiza. Lakini moshi hufukuza mwizi. Huyu ni mgeni."

Walifukiza hata hivyo. Mvuje uliwatoa machozi, kivumbasi kikajaza nyumba, Mzee Ngwali akasimama kizingitini na kisahani cha makaa akiuliza, kwa adabu kwanza kisha kwa ukali, anataka nini, anataka nani, na atoke kwa amani. Kisha upande wa banda la kuku likaja jibu, polepole, lenye upole ule unaokatisha tamaa:

"Ehem. Maombi yenu yamepokelewa. Shauri lenu linaangaliwa."

Mzee Ngwali alikiweka kisahani chini.

"Dawa aliyoifuata ni ya mimba. Anamtaka mtoto," akasema. "Basi sikilizeni. Mtu asiitike hodi humu ndani. Wala salamu. Hatujui sauti ya nani ataivaa. Mtoto akizaliwa, nipeni kabla hamjamfuta, nimwadhinie sikioni. Mwenye adhana sikioni, huyo kishapata mwenyewe. Mpaka siku hiyo, midomo ifungwe."

Ni rahisi kusema. Lakini jaribuni kuishi Pemba bila kuitika. Asubuhi watu walipita na salamu zao, za afya, za watoto, za shamba, na ndani ya nyumba ile watu watatu wakakaa wamebana majani midomoni kama mbuzi. Wagonjwa walipiga hodi wakachoka, wakaenda kwa mganga mwengine. Bi Kijakazi alipiga hodi asubuhi na jioni, akabembeleza, akalia, mwisho akatukana. "Siti! Mwanangu! Nimekunyonyesha mimi, leo siitikiwi? Mumeingia chama, semeni tujue!" Bi Mwanamize alimsikia, akauma jani mpaka uchungu wake ukamfika kooni. Saa ileile, nyuma ya nyumba, Bi Kijakazi wa pili alikuwa akilia vilevile, maneno yaleyale, ila mwisho alikohoa kidogo.

Habari ikafika mudiria, ofisini kwa mudir, kwamba kuna nyumba Kiuyu inakataa salamu waziwazi. Bwana Othman alikuja mwenyewe, mchana, kaki yake imelowa jasho na viatu vyeupe kwa vumbi. Bi Mwanamize alimwona kwa ufa wa dirisha, akajua kwa vumbi lile kwamba huyu ni wa kweli, na moyo ukamtuma amkimbilie, ampigie magoti, amwambie chukua mwenzio. Lakini kama vumbi nalo linaigika?

"Ehem. Hodi!" akasema mudir. "Ninyi watu wa ndani! Hodi ya serikali!"

"Ehem," ikajibu sauti yake mwenyewe kutoka kwenye banda la kuku. "Ofisi imefungwa. Rudi wiki ijayo."

Mudir alisimama. Aligeuza kichwa kwenye ungo wa majani, ambayo yalikuwa yanapepea kwa pamoja, na akaona alichokiona; hakupata kumwambia mtu. Alirudi kwa miguu yake mpaka mudiria, baiskeli ameiacha uani. Wiki hiyohiyo aliomba uhamisho kwenda Unguja kwa sababu za hali ya hewa, na inasemekana hilo ndilo ombi pekee katika historia ya upande ule lililojibiwa kabla wino haujakauka.

Hodi zikaendelea. Siku nyengine ilikuja kwa sauti ya Pandu, imechoka na safari, ikisema, "Siti, nimekuletea kanga, nifungulie," na Siti alilia kwa mwili mzima bila kutoa sauti, jani limelowa machozi mdomoni, huku mama yake amemkumbatia kwa nyuma na baba yake kipofu amekaa kuukabili mlango kana kwamba anaweza kuuona. Mtoto tumboni alicheza kila hodi ilipopigwa. Mwanzoni walifurahi kuwa yu hai. Baadaye wakagundua kwamba anacheza kabla ya hodi, si baada yake.

Uchungu ulimshika Siti alasiri. Hawakuweza kumwita mkunga, kwa kuwa mkunga lazima apige hodi, na wao lazima waitike. Bi Mwanamize alizalisha peke yake, kwa mikono iliyozoea mizizi, akimfuta mwanawe jasho kwa majani ya kivumbasi, na kadiri jua lilivyoshuka ndivyo harufu ya kaki iliyopigwa pasi ilivyozidi kuingia kwa chini ya mlango, kwa nyufa, kwa makuti, na tope la mikokoni nyuma yake, mpaka ikawa huwezi kuvuta pumzi bila kuimeza, na nje viatu vikazunguka ukuta, vikazunguka, vikazunguka, haraka sasa, karibu mbio, na Mzee Ngwali akakaa kando ya kitanda mikono ameinyoosha tayari kumpokea mtoto, midomo inamcheza kwa adhana aliyoishika tayari, na Siti akapiga ukelele uliolitupa jani lake upande wa pili wa chumba, na mtoto akatoka.

Viatu vikanyamaza papo hapo.

Alikuwa mwanamume, mzima, vidole vyote, nywele tele. Bi Mwanamize alimpindua, akampiga mgongoni kidogo. Hakulia. Alifumbua macho tu, akamtazama kama mtu anayesoma jina kwenye karatasi.

"Nipe," Mzee Ngwali akanong'ona. "Mwanamize, nipe, upesi."

Alimnyanyua. Kitovu kilikuwa hakijakatwa, kikamzuia, akalazimika kuinama, kutafuta wembe kwenye bakuli, na mkono wa mzee ulikuwa unapapasa hewa, unalitafuta sikio, kidole kimoja kimeshaigusa nywele iliyolowa.

Mtoto akakohoa kidogo.

"Hodi," akasema.

Mzee Ngwali alifungua kinywa, na adhana aliyoijua tangu utotoni haikutoka. Bi Mwanamize alibana jani lake, akamgeukia binti yake akitikisa kichwa, akitikisa, akitikisa.

Lakini Siti hakuwa anamtazama mama yake. Alikuwa amechoka hata kuogopa. Alikuwa amezika watatu wasio na jina, na sasa alisikia, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, sauti ya mwanawe ikiomba kuingia duniani.

"Karibu, mwanangu," akasema, akanyoosha mikono. "Karibu, baba. Karibu ndani."

Huko uani, juu ya banda la kuku, majani ya mkwamba yalijikunja yote kwa mara moja, yakawa makavu kama ya mwaka jana.