Jacinta na Jumamosi za Mazishi

Haya ni kweli tupu, naapa kwa meno yangu mawili yaliyobaki. Atakayenikamata na uongo mmoja, nitamnunulia ngege mzima, samaki wa mchuzi.

Jacinta ni mwalimu wa chekechea huko Ahero. Siku za kazi alifundisha watoto. Jumamosi alikwenda Kisumu kusomea digrii ya ualimu. Chuo kikuu kina kitengo cha elimu endelevu, cha watu wenye kazi na familia. Kwa kuwa alikuwa na diploma, hakuanzia mwaka wa kwanza.

Lakini Jumamosi ndiyo siku ya kuzika, na Jacinta ni mke wa boma. Akifa jirani, yeye huteka maji na kupika. Basi kila penye mazishi, darasa aliliacha kimya kimya. Chuoni hakuaga. Nyumbani, Walter mume wake peke yake ndiye aliyejua anasoma. Mama mkwe, Maryanne, alidhani anakwenda mikutano ya walimu.

Kisha Mzee Oyugi akafariki. Ndiye aliyemlea Walter. Mazishi yakawekwa Jumamosi. Mtihani wa muhula ulikuwa Jumamosi hiyo hiyo.

"Mama, siku hiyo nina mtihani," Jacinta alisema.

Maryanne, akidhani ni mtihani wa kusimamia, aliacha kupepeta mchele. "Nyar Seme!" Alimwita hivyo, binti aliyetoka Seme, kila alipokasirika. "Na siku tukikuzika wewe, watu wawe kwa mtihani?"

Maneno yale Jacinta alilala nayo.

Kesho yake alimwendea Nelima, mratibu wa wanafunzi wa wikendi.

"Madam, nimefiwa, na mazishi ni siku ya mtihani. Nimekuja kuacha masomo."

"Pole kwa msiba. Keti kwanza. Marehemu ni nani kwako?"

"Ndiye amemlea mume wangu."

"Basi nenda ukamzike. Ukituambia mapema, na ulete kibali cha mazishi, unaomba mtihani maalum. Ukipotea tu, unahesabiwa umeanguka."

"Nimepotea Jumamosi nyingi, Madam."

"Naona. Hapa kwetu, nani hana mazishi Jumamosi? Lakini kuna vipindi vya likizo, siku za kazi, shule zikifungwa. Unaweza kuhamia huko. Na nyumbani, wanajua unasoma?"

"Mume wangu tu."

"Waambie, dada. Digrii ya kuficha ni nzito kubeba."

Jioni, wakichambua mboga za matanga, Jacinta alimweleza Maryanne yote. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe ni kusoma," alisema polepole. "Mimi nilidhani unatukimbia."

Walimzika Mzee Oyugi. Jacinta alipika, akalia, akarusha udongo. Baadaye alifanya mtihani maalum, akapita. Akahamia vipindi vya likizo.

Agosti msiba mwingine ukaja. Wanawake wakaulizana mke wa Walter yuko wapi.

"Yuko darasani," Maryanne alisema. "Jumamosi mtamwona. Leteni sufuria yake, nitapika mimi."

Siku ya mahafali, jina la Jacinta liliposomwa, Maryanne alipiga vigelegele. Viboko wote wa ufuo wa Dunga wakatoka majini, wakaitikia.

Niliposoma hadithi hii kwao Ahero, Maryanne aliinua mkono.

"Mzee, viboko umewatoa wapi? Mimi nilikuwa pale."

Nikaenda kununua ngege. Alikuwa mkubwa, na uchungu wa bei yake ninaujua mimi. Maryanne alimgawa mwenyewe.

"Nyar Seme, kichwa ni chako," alisema, naye hakuwa amekasirika. "Umekitumia."

Mimi niliachiwa mchuzi.