Mistari Aliyoiruka Losena

Kila siku alipotoka shule, Losena alikula muhogo wa kuchemsha, kisha akakaa na baba yake mbele ya picha kubwa ya chumba cha marubani waliyoibandika ukutani. Losena alisoma orodha ya ukaguzi. Baba yake, Isikeli, aligusa swichi za pale pichani na kujibu. Hii ilikuwa wiki ya tatu, na wote wawili walikuwa hoi.

Isikeli alikuwa amerusha ndege ndogo visiwani miaka tisa, peke yake. Ijumaa angefanyiwa usaili na shirika kubwa la ndege hapo mjini Nadi, kisha apimwe ndani ya mashine inayoiga ndege. Mwaka jana alishindwa. Kama angeshindwa tena, wasingemwita mara ya tatu.

Jumatatu Losena aliruka mistari minne ili wamalize mapema. Baba aliendelea na mstari uliofuata. Jumanne akairuka tena, na Jumatano pia. Uvivu ukishauonja, kuuacha kazi.

Alhamisi bibi yake Merewai, ambaye kwa lugha ya kwao alimwita Bubu, yaani bibi, alikuja na magimbi, akamtania mwanawe.

"Haya rubani, tushushe basi! Au mpaka usomewe na mtoto?"

Isikeli alicheka, akafumba macho, akaanza kutua kwa mdomo. Alitaja mafuta, mikanda, taa. Magurudumu hakuyataja. Magurudumu ya ndege yake ya visiwani hayakunjwi, yako nje siku zote, lakini ya ndege kubwa lazima yateremshwe. Losena aliogopa sana.

"Baba, magurudumu!" alisema huku akilia. "Niliyaruka mimi. Mistari minne, tangu Jumatatu. Nilichoka."

"We mtoto!" Bubu alimaka. "Unataka baba yako atue kwa tumbo?"

"Mwache, Mama," alisema Isikeli. "Nilihisi orodha imekuwa fupi, nikanyamaza. Nami nilikuwa nimechoka."

Walijilaza kidogo, kisha wakaanza upya, mstari kwa mstari.

Ijumaa jioni Isikeli alirudi, shati limelowa jasho. "Nimepata," alisema, akajitupa mkekani. "Waliniuliza kosa langu la karibuni. Nikawaeleza hilihili."

"Ukanitaja mimi?"

"Nilijitaja mimi. Wewe ni mtoto. Mimi ndiye nitakayebeba abiria." Alifumba macho. "Kuchoka si kosa, mwanangu. Kosa ni kuchoka kimyakimya, halafu ukasema kazi imekwisha. Ukichoka, sema, tupumzike."

"Basi Baba, leo nimechoka."

"Hata mimi," alisema Isikeli, akamsogezea mto.