Mama Fundi na Magauni Yaliyorefuka

Jamani, nisikilizeni, hasa ninyi mnaopenda kusema "ni uzee tu." Mtaani kwetu hakuna asiyemjua Mama Fundi, mjane aliyelea watoto wawili kwa cherehani. Asubuhi utamkuta dukani kwake, utepe wa kupimia shingoni, akitaniana na wateja. Nyumba yake ilikuwa tulivu, kila mtu na lake.

Kisha magauni yake mwenyewe yakaanza kuburura chini. Akapandisha pindo. Baada ya muda yakaburura tena, akapandisha tena, huku akimsema muuza vitambaa kwamba siku hizi anauza vitu vinavyovutika. Mgongo ulimuuma, nasi sote tukasema ni kazi ya kuinama.

Siku moja alijikwaa akiwa na robota la kitambaa, akaangukia mkono. Kuanguka kwenyewe kulikuwa kudogo, mtoto angeinuka akacheka, lakini mkono ukavunjika. Hospitalini wakamfunga plasta.

Hapo ndipo mapenzi yalipoharibu mambo. Mwanawe wa kiume na binti yake walikata shauri mama apumzike: asipike, asitoke nje, asishike hata ufagio. Walimketisha kwenye kochi, pazia limeshushwa, wakambeba kama yai. Hata plasta ilipotolewa, hakuruhusiwa kurudi dukani. Mwana akaanza kutafuta mnunuzi wa cherehani! Mama akanyong'onyea, miguu ikalegea.

Ilifika siku akashindwa kuinuka kwenye kochi. Binti alilia, kisha akampeleka kliniki ya mifupa, kaka yake akiwafuata nyuma. Daktari alimuuliza kama zamani alikuwa mrefu kuliko sasa. Mama akasimulia kisa cha magauni, huku akicheka. Daktari hakucheka. Alimpima kimo, akaagiza kipimo cha uimara wa mifupa, kisha akawaeleza kwamba mifupa imepungua ugumu, na pingili za mgongo zimebonyea polepole. Kitambaa hakikuwa na kosa. Mama mwenyewe ndiye aliyefupika. Daktari alisema udhaifu huo wa mifupa huwapata sana wanawake waliokwisha kukoma hedhi, na tiba ipo.

"Kwa hiyo niendelee kukaa?" mama aliuliza.

"Kukaa ndiko kunakokumaliza, mama. Utatumia dawa, utakula vizuri, na utatembea."

Mwana alikuja juu, akisema mama ataanguka tena. Daktari akamwambia basi aondoe zulia linaloteleza na aweke taa ukumbini.

"Cherehani yangu haiuzwi," mama alimwambia mwanawe palepale. "Mimi bado ni fundi."

Haikuwa lelemama. Mwanzoni kufika kona ya mtaa tu kulimtoa jasho, lakini alipiga moyo konde. Alikunywa maziwa, akala dagaa na mboga za majani, akaota jua la asubuhi, akafanya mazoezi aliyofundishwa, na dawa hakuruka. Kipimo kilichofuata kilionyesha mifupa inapata nguvu.

Basi duka likafunguliwa! Mwana mwenyewe ndiye aliyefungua mlango, na ndiye mteja wa kwanza kupimwa suruali. Mama alikata kitambaa akiwa amesimama wima mezani, na sisi majirani tukapiga vigelegele mpaka tukakaukiwa sauti.

FUNZO

Kupungua kimo, au kuvunjika mfupa kwa kuanguka kidogo, si uzee tu: nenda ukapimwe. Nanyi vijana, jengeni mifupa sasa kwa chakula bora, jua na mazoezi, na muache sigara na ulevi. Na mzazi wako si pambo la sebuleni. Ukimpenda, mshike mkono, mtoke naye nje.